Kura ya mbunge wa jimbo: hesabu ambayo Lubumbashi inapaswa kuijua kama msimamo wa ligi

Gavana wa Haut-Katanga, jimbo la Kongo ambalo mji wake mkuu ni Lubumbashi yetu, hachaguliwi na mwananchi moja kwa moja. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo, yeye na makamu wake pamoja, kwa miaka mitano. Wabunge hao hao ndio wanaochagua maseneta wanne wa jimbo letu. Ndio wanaopitisha bajeti ya jimbo, na ndio wanaoweza kumwangusha gavana wakiacha kuwa na imani naye. Kwa hiyo mtu akiingia katika biro ya kura na nguvu zake zote zikaishia kwa rais, kisha kwa mbunge wa jimbo akabonyeza katika mashine ya kura sura ya kwanza anayoitambua, ameitoa bure kura iliyo karibu kabisa na barabara ya kartie yake, mtaa anaoishi.

Tarehe 20 Desemba 2023 mpiga kura wa Lubumbashi alikuwa na machaguo manne: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na mshauri wa komini, yaani wa baraza la sehemu yake ya mji. Ile ya mshauri wa komini ilikuwa ya kwanza kufanyika tangu Katiba ya 2006. Wakati wote wa kampeni, barazani, sokoni na hata kiwanjani, karibu maneno yote yalikuwa juu ya rais. Naelewa sababu: Moïse Katumbi ni mtu wa hapa, na alikuwa anagombea. Matokeo rasmi yalimpa Félix Tshisekedi zaidi ya 73% na Katumbi karibu 18%. Lakini siku iliyofuata tangazo hilo, kazi ya kujua nani atashika mji wetu ilikuwa bado, na watu wengi walikuwa wamekwisha kuzima redio.

Kwanza tuongee pesa, maana ndipo ukubwa wa kura hii unapoonekana. Kodi ya madini yanayotoka ardhini, ile wanayoiita redevance minière, inagawanywa hivi tangu Sheria ya Madini irekebishwe mwaka 2018: 50% inaenda serikali kuu, 25% inabaki kwa jimbo, 15% inaenda kwa komini, mji, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10% inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Jimbo lenye shaba na kobalti kama letu linapata robo ya kodi hiyo bila kungoja Kinshasa igawe. Tofauti na hapo, Katiba, kifungu cha 175, inasema majimbo yabaki na 40% ya mapato ya kitaifa, yakatwe pale pale yanapopatikana. Sehemu hiyo haijatekelezwa ilivyoandikwa: pesa zinapanda Kinshasa, kisha zinarudishwa kwa kiasi na kwa wakati ambao Kinshasa inataka. Nani anauliza robo ya madini imetumika wapi? Mbunge wa jimbo. Nani anauliza ile 15%? Mshauri wa komini. Hakuna mwingine mwenye kiti cha kuulizia hapo.

Sasa hesabu yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapogombana bila sababu, na mara nyingine wananyamaza penye sababu.

Viti havigawanywi kwa mtindo wa aliyepata kura nyingi zaidi ndiye anaingia. Unapobonyeza picha ya mtu, kura yako inafanya kazi mbili: kwanza inaingia katika mfuko wa listi yake, pili inampandisha yeye ndani ya listi hiyo. Listi ndizo zinazoshindania viti. Watu wanashindana baadaye, ndani ya listi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Eneo lina viti 10, na listi zilizokubaliwa kugawana zimepata jumla ya kura halali 200,000. Unagawa 200,000 kwa 10, unapata 20,000. Hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja. Listi A ina kura 74,000: inanunua viti 3, inabakiwa na 14,000. Listi B ina 52,000: viti 2, masalio 12,000. Listi C ina 36,000: kiti 1, masalio 16,000. Listi D ina 21,000: kiti 1, masalio 1,000. Listi E ina 17,000: haijafikia bei, kwa hiyo haina kiti, na kura zake zote ni masalio. Mpaka hapo viti 7 vimepata wenyewe. Vitatu vinavyobaki vinaenda kwa masalio makubwa: E kwa 17,000, C kwa 16,000, A kwa 14,000. Mwishoni A ina viti 4, B ina 2, C ina 2, D ina 1, E ina 1.

Tazama vizuri B na C. B ina kura 52,000, C ina 36,000, na wote wametoka na viti viwili. B amelipa kura 26,000 kwa kila kiti, E amelipa 17,000 tu. Hakuna aliyeiba. Lakini kama B angetafuta kura 2,000 zaidi, bei ya kiti ingekuwa 20,200, masalio yake 13,600 yangempita A mwenye 13,400, na kiti cha kumi kingekuwa chake. Kura 2,000 ni avenue chache za Katuba. Ni watu waliosema foleni ni ndefu, wakarudi nyumbani.

Kisha ndani ya listi. Mgombea wa tatu wa B anaweza kuwa na kura 11,000 zake mwenyewe, na akabaki nje. Wa nne wa A anaweza kuwa na kura 3,000 na akaingia, kwa sababu amebebwa na mzigo mkubwa wa A. Matokeo yakibandikwa, familia ya mwenye 11,000 inapiga kelele ya wizi. Kelele ya namna hiyo inaharibu kesi za kweli, maana wizi wa kweli upo na una alama zake, nitazitaja hapa chini. Kabla ya kulalamika, fanya hesabu: jumla ya listi, bei ya kiti, masalio, kisha nafasi ya mtu ndani ya listi. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza kwa kalamu na karatasi.

Kuna mlango mwingine kabla ya yote haya: kizingiti. Sheria ya uchaguzi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inataka listi ya wabunge wa taifa ifikishe 1% ya kura za nchi nzima, ya wabunge wa jimbo 3% ya kura za jimbo, na ya washauri wa komini 10% ya kura za komini. Asiyefikisha anatolewa kabla ya kugawa viti, hata kama mgombea wake ameongoza kartie nzima. Hili ndilo linaloua wagombea wengi wazuri wa Lubumbashi. Mtu anaheshimika Kampemba, anajulikana, amesaidia watu. Chama kidogo kinamwita kwa sababu kina nafasi, anakubali. Anapata kura zake nyingi, lakini chama hicho hakina mtu Likasi, hakina mtu Kasenga, hakina mtu Sakania. Jimbo zima kinapata 2%. Kura zote zimemwagika. Ukitaka kumsaidia mgombea unayemwamini, swali la kwanza kumwuliza, kabla hata ya mpango wake, ni hili: listi yako ina watu wangapi jimbo zima, na wako maeneo gani? Akikujibu kwa maneno ya imani bila majina ya maeneo, mwambie ahamie listi nyingine mapema, au kura yako itabaki mlangoni pamoja naye.

Tena, soma majina ya suppléants, wale wa akiba. Kila mgombea anakwenda na wawili. Mbunge akiitwa kuwa waziri, hawezi kukalia viti viwili. Suppléant wa kwanza ndiye anayeketi bungeni. Serikali ya jimbo haivuki mawaziri kumi, lakini wengi wao wanaweza kutoka humo humo bungeni. Katika listi nyingi suppléant ni mke, mtoto au shemeji. Huyo ndiye anayeweza kukuwakilisha miaka mitatu au minne, na hukuwahi kumsikia akisema neno hadharani.

Mpira unaingia wapi? Unaingia kila mahali, na Lubumbashi haikuanza jana. Tout Puissant Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini, ikapitia jina la kampuni ya matairi, Englebert, na ikachukua kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967 na 1968. Saint-Éloi Lupopo, nayo ya 1939, ni watu wa reli, ndiyo maana hadi leo wanaitwa Cheminots. Kiwanja kikubwa cha komini ya Kenya kina jina la Frédéric Kibassa Maliba, mwanasiasa aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha UDPS. Katumbi ni prezida wa Mazembe tangu 1997. Mwaka 2007 wabunge wa Katanga walimchagua gavana, akakaa mpaka 2015, na katikati ya muda huo Mazembe ikachukua Afrika mara mbili, 2009 na 2010, ikafika fainali ya dunia ya klabu, ikafungua kiwanja chake cha Kamalondo mwaka 2011. Jacques Kyabula Katwe, aliyechaguliwa gavana wa Haut-Katanga mwaka 2019 na tena 2024, amekuwa prezida wa Lupopo. Hata kipa Robert Kidiaba, yule wa kurukaruka kwa makalio baada ya bao, aliketi katika bunge la jimbo.

Sioni ubaya mtu wa mpira kuingia siasa. Ekipe kubwa inafundisha kupanga watu, kulipa mishahara kwa wakati na kushinda mbele ya macho ya watu elfu kumi na zaidi. Ubaya unaanza pale gavana na prezida wa ekipe wanapokuwa mtu mmoja na hakuna anayejua mfuko mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Swali linalofaa ni la hesabu: je, bajeti ya jimbo ina mstari wa michezo? Ni kiasi gani? Kimeenda kwa ekipe zipi? Zile za Entente, chama cha mpira cha mji, zinazocheza katika vumbi la Ruashi na Katuba, bila jezi na bila daktari, zimepata nini? Mbunge wa jimbo ana haki ya kuuliza hayo kwa swali la maandishi, kwa swali la mdomo, au kwa kumwita waziri wa michezo wa jimbo mbele ya mkutano. Shabiki wa Lupopo anaweza kumpenda prezida wake kwa moyo wote na bado akamdai gavana hesabu. Wa Mazembe vilevile. Mapenzi ya rangi yasizuie ulizo la pesa ya umma.

Na kuna funzo moja la mpira ambalo vyama vyetu havijalishika. Mwaka 2011 Mazembe, bingwa mtetezi, iliitoa Simba ya Dar es Salaam katika Ligi ya Mabingwa. Uwanjani ilikuwa imeshinda. Simba wakafungua mafaili, wakalalamika juu ya makaratasi ya Janvier Bokungu, ambaye mkataba wake na Espérance ya Tunis ulikuwa na shida, na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ikaitoa Mazembe mashindanoni. Hakuna aliyesema Simba walicheza vizuri zaidi. Walisoma makaratasi vizuri zaidi.

Uchaguzi ni hivyo hivyo. Karatasi inayoamua inaitwa PV, ile ripoti inayoandikwa katika biro baada ya kuhesabu. Mashine ya kura haitoi mshindi: inachapisha chaguo lako juu ya karatasi, unaisoma, unaikunja, unaitia sandukuni, na ni makaratasi ya sandukuni yanayohesabiwa kwa mkono. Mwenye listi asiye na mashahidi katika mabiro ameingia uwanjani bila kipa. Hii ndiyo kazi ya shahidi, kwa mpangilio wake.

Anafika kabla ya saa 12 asubuhi, akiwa na kadi ya kumtambulisha kutoka CENI, tume ya uchaguzi, si barua ya chama peke yake. Sanduku linafunguliwa mbele yake, analiona tupu, anaandika namba za vifungio vya plastiki vinavyolifunga. Anaandika saa biro ilipofunguliwa kweli. Mwaka 2023 vifaa vilichelewa mahali pengi, kura ikaendelea hata siku ya pili, na mashahidi waliokwenda nyumbani usiku waliacha masanduku bila jicho. Kwa hiyo kila biro inahitaji mashahidi wawili wanaopokezana, na chakula chao kiwe kimelipwa kabla. Shahidi mwenye njaa anaondoka saa tisa alasiri, na kila mtu mwenye nia mbaya anajua hilo.

Saa 11 jioni mlango unafungwa, lakini waliokwisha kuwa katika foleni wanapiga kura. Kisha hesabu: waliosaini orodha, makaratasi yaliyotumika, yaliyoharibika, yaliyobaki. Namba hizi lazima zikubaliane kabla ya kufungua karatasi hata moja. Zikitofautiana, shahidi anataka tofauti hiyo iandikwe ndani ya PV. Asiipigie kelele tu. Ataipata wapi kesho? Zinahesabiwa za rais kwanza, na hapo ndipo kosa kubwa la miaka yote: mashahidi wa rais wanapata namba zao, wanapiga simu, wanaondoka. Kura za mbunge wa jimbo na za mshauri wa komini zinahesabiwa usiku wa manane, kwa taa ya simu, na watu wawili watatu waliochoka. Ni saa hizo ambapo 47 inageuka 147 kwa kuongeza kijiti kimoja. Namba ziandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Shahidi asisaini PV yenye nafasi tupu, apokee kopi yake, apige picha kopi hiyo na ile iliyobandikwa ukutani nje, namba ya biro ionekane katika picha.

Picha hizo zinaenda kwa mtu mmoja wa listi mwenye jedwali, si katika kikundi cha WhatsApp ambamo zitazama chini ya salamu na nyimbo. Mstari mmoja kwa biro moja: namba ya biro, waliojiandikisha, waliopiga, kura za kila listi. Kazi ya jedwali ni kulinganisha na kile kinachotoka katika kituo cha kujumlisha matokeo. Tofauti ikitokea kati ya PV ya biro na jumla ya kituo, hapo una kesi. Tofauti kati ya matumaini yako na PV si kesi.

Alama za wizi wa kweli ni hizi: biro ambamo waliopiga ni wengi kuliko waliojiandikisha, biro nyingi jirani zenye namba ya mwisho inayojirudia, PV yenye saini zinazofanana mkono, mashine iliyoonekana nyumbani kwa mtu. Hili la mwisho si hadithi. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na vurugu, pamoja na kushika mashine za kura bila haki, na ikafuta uchaguzi mzima wa wabunge katika maeneo ya Masi-Manimba na Yakoma.

Malalamiko yana mahali pake na muda wake. Ya mbunge wa taifa yanaenda Mahakama ya Katiba, ya mbunge wa jimbo Mahakama ya Rufaa, ya mshauri wa komini mahakama ya chini yake. Una siku nane tangu matokeo ya muda yatangazwe. Siku nane zinapita haraka sana kama kopi za PV bado ziko mifukoni mwa mashahidi Kasapa na Kisanga, kwa hiyo zikusanywe usiku ule ule.

Baada ya wabunge kuapishwa unakuja uchaguzi wa gavana na maseneta, ambao hatuupigi sisi lakini tunaulipia. Kundi dogo la wapiga kura ni rahisi kununua kuliko mji mzima. Machi 2019 harufu ya rushwa katika kura ya maseneta ilikuwa kali kiasi kwamba kuapishwa kwao kulisimamishwa na uchaguzi wa magavana ukasogezwa. Kura ya mbunge ni ya siri, hatuwezi kumwona. Lakini tunaweza kumtaka aseme hadharani, kabla ya siku ile, atamchagua nani na kwa nini. Anayekataa kusema kabisa anakuwa ameeleza kitu.

Bunge la jimbo linaketi mara mbili kwa mwaka kwa kikao cha kawaida, kuanzia mwisho wa Machi na kuanzia mwisho wa Septemba. Kile cha Septemba ndicho cha bajeti. Mikutano ni ya wazi isipokuwa wameamua kujifungia, na mwananchi anaweza kwenda kukaa juu na kusikiliza. Nenda na maulizo matatu yameandikwa: sehemu ya jimbo katika kodi ya madini iliingia kiasi gani mwaka uliopita, ilitumika kwa nini, na mstari wa michezo uligawanywa kwa ekipe zipi. Mpe mbunge wako karatasi hiyo mkononi kabla hajaingia, na umwandikie jina la komini yako juu yake.